Mgeni, Msitu na Mfongo: Habari za Utalii wa Kilimanjaro

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za wageni waendao kuupanda Mlima Kilimanjaro, na habari za mlima wenyewe, jinsi unavyopata faida na hasara kwa ajili yao. Wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema vema, maana siku ajapo mgeni hata watoto wa nyumba hupata kitoweo kizuri. Lakini wahenga wale wale walisema pia, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe akalime. Methali hizi mbili hazipingani. Na mlima ule wazihitaji zote mbili, kama tutakavyoona.

Kilele cha Kibo kina urefu wa mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, yaani futi 19,341 hivi, wala hakuna mlima mrefu kuliko huo katika Afrika nzima. Mjerumani Hans Meyer na mwenzake Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, baada ya wenyeji kuwabebea mizigo na kuwaongoza katika msitu. Mwaka 1973 sehemu za juu zilifanywa Hifadhi ya Taifa. Mwaka 1977 hifadhi ilifunguliwa kwa wageni. Na mwaka 1987 iliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Siku hizi, katika mwaka mwema, watalii wapatao 50,000 hufika kuupanda.

Mtu apandaye kutoka Marangu au Machame hupita kama nchi tano katika safari moja. Kwanza huona mashamba ya Wachagga, migomba na kahawa chini ya kivuli cha miti mirefu. Kisha huingia katika msitu mnene wa mikulo na mipodo, penye mbega na ukungu. Juu ya msitu ni vichaka vya mti uitwao erika, wenye majani madogo mno, nao umefunikwa na mimea membamba inayoning'inia kama ndevu za mzee. Juu zaidi ni jangwa baridi la mawe na majivu, na mwisho kabisa ni barafu.

Sasa tuseme faida, maana si haki kutaja madhara ya mgeni kabla ya kutaja mema yake. Mtalii mmoja hawezi kupanda peke yake. Huhitaji kiongozi wa njia, na mpishi, na wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu, watatu au zaidi kwa kila mgeni, wamchukulie hema, chakula na nguo. Mama auzaye ndizi sokoni Moshi hupata fedha kwa ajili yake, na dereva, na fundi wa viatu, na mkulima wa viazi. Sisi tulio walimu twawajua vijana waliokaa darasani mwetu kwa ada iliyotokana na mizigo iliyobebwa vichwani na baba zao, katika baridi kali, siku sita kwenda na kurudi. Atakayesema kwamba wageni wasije kabisa, na aende kwanza akaseme na watoto hao.

Lakini kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalijui, nalo ndilo shina la mazungumzo yetu. Ukiwauliza wanafunzi maji ya mito na mifongo ya Kilimanjaro hutoka wapi, karibu wote hujibu kwamba hutoka katika barafu ya Kibo. Jibu hili lina sura ya kweli, kwa kuwa barafu yaonekana juu na maji yaonekana chini. Lakini si hivyo. Barafu ya kilele ni kidogo, tena sehemu yake kubwa hugeuka mvuke na kupotea hewani bila kutiririka. Maji yaliyo mengi hutoka katika msitu. Mvua nyingi kuliko zote za mlima huo hunyesha upande wa kusini, katika msitu, yapata mita 2,200 juu ya bahari. Udongo wa msitu huyapokea maji kama sifongo, kisha huyaachilia polepole mwaka mzima. Hayo ndiyo yaingiayo katika mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa na mababu wa Wachagga, inyweshayo mashamba yao. Hayo pia ndiyo yashukayo hata Mto Pangani na kuzungusha mitambo ya umeme.

Tena msitu hautegemei mvua peke yake. Msikilizaji aishiye penye ukungu na atazame utando wa buibui mapema asubuhi. Ataona umejaa matone, ijapokuwa mvua haikunyesha. Utando umeunasa ukungu na kuugeuza kuwa maji. Mti wa erika, pamoja na ndevu zake, hufanya kazi ile ile, lakini kwa kipimo kikubwa: ukungu hupita kati ya majani, matone hukusanyika, matone hudondoka, na ardhi hunywa. Mahali penye mti pana maji. Mti ukiondoka, ukungu hupita zake usiache kitu.

Kwa hiyo yatupasa kupima jambo hili vizuri. Kutoka mwaka 1912 hata mwaka 2007 Kilimanjaro ulipoteza kama sehemu 85 katika kila 100 za eneo la barafu yake. Habari hiyo imetangazwa duniani kote, na watalii wengine hufanya haraka kuja kuiona barafu kabla haijaisha. Ni msiba kweli. Lakini sababu zake ni mabadiliko ya hali ya hewa, joto na upungufu wa unyevu, si nyayo za wapandaji. Msiba wa pili hauna sifa kama huo. Wataalamu walioutazama mlima kwa miaka mingi wameona kwamba moto umeiteketeza misitu ya erika, hata mpaka wa juu wa msitu umeshuka mamia ya mita mahali pengine. Tena wameona kwamba maji yanayopotea kwa kuungua kwa miti hiyo ni mengi kuliko yale yanayopotea kwa kuyeyuka kwa barafu. Basi barafu humvuta mgeni, lakini msitu ndio umlishao mwenyeji. Na moto, ambao mtu aweza kuuzuia, waumiza zaidi kuliko jua, ambalo hatuwezi kulizuia kwa mikono yetu.

Sasa tutazame madhara yaletwayo na safari za watalii. Kwanza ni njia. Mvua ikinyesha, njia huwa tope. Mpandaji huogopa kuchafua viatu, hukanyaga majani ya kando. Na ajaye nyuma hukanyaga kando zaidi. Hivyo njia iliyokuwa ya mtu mmoja hupanuka, na mvua ya pili huchukua udongo. Huko juu mimea hukua polepole sana kwa baridi, na kovu la mwaka mmoja hukaa miaka mingi.

Pili ni takataka. Hapa tufanye hesabu ya darasani. Wageni ni 50,000. Tuseme kila mmoja ana watu wanne wa kumhudumia. Basi waliopanda wote ni 250,000. Kila mmoja akiangusha karatasi moja tu ya peremende, akidhani kwamba moja si kitu, mlima hupata karatasi 250,000 kwa mwaka mmoja. Haba na haba hujaza kibaba, kwa mema na kwa mabaya.

Tatu, na kubwa kuliko yote, ni moto. Zamani wapandaji walipikia kuni, na miti iliyo karibu na makambi ilikatwa ovyo. Jambo hilo limekatazwa; siku hizi hupikia gesi au mafuta. Lakini mwezi wa Oktoba 2020 moto ulizuka kati ya Mandara na Horombo, ukawaka siku nyingi, na kuunguza kilomita za mraba zipatazo 95. Mamia ya watu, wenyeji na wanafunzi pamoja nao, walipanda kuuzima kwa matawi na majembe. Shirika la Hifadhi za Taifa lilisema wakati ule kwamba, kwa habari za kwanza, ulianzia mahali ambapo wapagazi walikuwa wakipasha chakula moto. Mwezi wa Oktoba 2022 moto mwingine ukazuka upande wa Karanga.

Wasikilizaji, ni rahisi kusikia haya na kumlaumu mpagazi. Tulifanya hivyo sisi wenyewe siku moja, tulipokwenda Mandara na wanafunzi wetu wa chuo cha ualimu. Tulimkuta kijana amechuchumaa kando ya njia, anakoka kijiti kidogo cha moto chini ya jiwe. Tulimkemea kwa sauti ya kiualimu, naye akauzima mara moja kwa kiatu chake. Ndipo tulipokiona kiatu: kilikuwa cha raba, kimepasuka, na soksi hakuwa nayo. Hakuwa na koti ila fulana mbili, moja juu ya nyingine, zote zimelowa. Hatukuwa na neno la kuongeza. Mwanafunzi wetu mmoja alimpa sweta lake, nasi tulirudi tumefundishwa badala ya kufundisha. Sheria ya kukataza moto ni njema. Lakini mtu aliyelowa na mwenye njaa, katika baridi ile, atautafuta moto tu. Mwenye kutaka msitu usiungue, na aulize kwanza kama mpagazi amekula, amevaa, na amelipwa haki yake.

Wala tusiseme kwamba makosa yote ni ya watalii na watumishi wao. Mwaka 2001 wachunguzi waliuzunguka mlima kwa ndege, wakaona mikulo mingi imekatwa kinyume cha sheria, na matanuri ya mkaa ndani ya msitu. Hayo hayakufanywa na watalii. Tena mioto mingine huwashwa na warina asali, wanaofukuza nyuki kwa moshi, na wengine na wawindaji wa siri. Mwenyeji naye ana deni.

Lakini deni la mwenyeji lina historia yake. Mwaka 1941 serikali ya wakati ule ilitenga ukanda wa nusu maili kandokando ya msitu, ili wanavijiji wapate humo kuni na majani ya ng'ombe wao. Mwaka 2005 hifadhi ya msitu iliunganishwa na Hifadhi ya Taifa, na tangu hapo habari ya nani aingie, achukue nini, na siku gani, imekuwa jambo la mvutano. Mama wa kijijini amwonapo mtalii akipita langoni na kamera yake, naye amekatazwa kuingia na mundu wake, huona kwamba msitu si wake tena. Na kitu kisicho changu, kikiungua, nitapanda usiku kukizima kwa ajili ya nini? Hapo ndipo hatari ilipo. Hakuna idadi ya askari iwezayo kuulinda msitu mkubwa namna ile, kama majirani wake hawaupendi.

Basi turudi kwenye methali ya jembe. Mgeni wa Kilimanjaro apewe jembe gani? Jembe la kwanza ni kiingilio alipacho langoni. Fedha hiyo isihesabiwe kuwa faida tupu. Sehemu yake ni mbegu, irudi shambani: itengeneze njia, iweke vyoo, ilipe walinzi wa moto, na ionekane vijijini, katika shule na mifongo, hata yule mama aseme, Msitu huu wanilipa. Jembe la pili ni kushuka na takataka yake yote, nayo ipimwe kwa mizani langoni. Jembe la tatu ni mpagazi wake: mzigo usizidi kilo 20, ambao ndio mpaka uliowekwa, na mgeni aulize kwa kinywa chake kama watu wake wamekula na wana pa kulala. Jembe la nne ni subira: wapandaji wasisongamane wote katika njia moja na majira yale yale. Meza ya watu kumi ikiketiwa na mia, hakuna atakayeshiba, na meza itavunjika.

Na mwenyeji naye ashike jembe lake: apande miti shambani kwake apate kuni huko, aache kukata mkulo, na arinaye asali ahakikishe kwamba hakuacha cheche nyuma yake.

Siku ile tuliposhuka kutoka Mandara, tulimkuta mzee mmoja akisafisha mfongo kwa jembe, akiondoa majani na mchanga. Mzee alituuliza kama barafu ingaliko, kama kila mtu aulizavyo. Tukajibu ipo, lakini kidogo. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na kazi, maana maji yalikuwa yakipita miguuni pake. Tuliwaambia wanafunzi wetu wayatazame vizuri maji yale na kukumbuka yalikotoka: si juu kule penye weupe unaong'aa, bali katika giza la msitu tuliokuwa tumetoka kuupita. Nasi twawaambieni ninyi neno lilo hilo.