Kununua nguo moja kwa moja viwandani China: hesabu ya kufanya kabla ya kutuma pesa

Kwa muda mrefu wafanyabiashara wengi wa nguo wa Kariakoo, Eastleigh, Kampala, Bujumbura na Lubumbashi walikuwa wakichukua mzigo kwa waagizaji wakubwa au kwenda kuununua Dubai. Kuanzia miaka ya 2000, wengi wao walianza kwenda wenyewe Guangzhou, na siku hizi wapo wanaoagiza kwa simu bila hata kusafiri. Lengo lao ni kumwondoa mtu wa kati na kupata bei ya kiwandani.

Bei hiyo ipo. Hata hivyo, si kila anayejiita mwenye kiwanda ana kiwanda, na bei inayoandikwa kwenye ankara huweza kuwa nusu tu ya gharama ya nguo hiyo itakapofika dukani. Mfanyabiashara asiyelifahamu hilo mapema anaweza kupoteza mtaji wake wote kwa mzigo mmoja. Yafuatayo ni mambo ya kuzingatia kwa anayetaka kuagiza, na pia kwa msafirishaji atakayeubeba mzigo huo.

Soko si kiwanda

Mgeni anayefika Guangzhou, katika jimbo la Guangdong, kwa kawaida huanzia kwenye masoko ya jumla. Soko la Baima liko karibu na kituo kikuu cha treni, na soko la Shahe linajulikana kwa nguo za bei ya chini. Huko kuna vibanda vingi. Baadhi ni vya wenye viwanda, vingine ni vya wachuuzi wanaonunua na kuuza. Mteja ananunua nguo iliyokwisha kushonwa, hata kwa dazeni chache, analipa kwa yuan na kuondoka na mzigo wake. Akigundua kasoro baadaye, si rahisi kurudishiwa pesa.

Viwanda vyenyewe viko nje ya katikati ya mji, na kila eneo lina kazi yake. Xintang inajulikana kwa suruali za jeans, Humen katika Dongguan kwa nguo za kike, Shaxi katika Zhongshan kwa nguo za kawaida za kila siku, na Shantou kwa nguo za ndani na za kulalia. Anayetafuta jeans kwa mshonaji wa nguo za ndani ataishia kwa mtu wa kati, kwa sababu muuzaji huyo ataipokea oda na kwenda kuinunua kwa mwenzake.

Kiwanda hakishoni dazeni mbili. Kitambaa hutiwa rangi kwa majora mengi kwa wakati mmoja, na cherehani hupangwa upya kila mtindo unapobadilika. Kwa sababu hiyo viwanda vingi huweka kiwango cha chini cha oda, mara nyingi kati ya vipande 300 na 1,000 kwa kila mtindo, na wakati mwingine kwa kila rangi. Mwenye mtaji wa vipande 400 vya mitindo kumi tofauti hana haja ya kuhangaika na kiwanda. Soko la jumla linamfaa zaidi. Anayeuza mtindo mmoja kwa wingi, kama sare za shule, fulana au kanzu, ndiye anayefaidika na kiwanda. Wenye mitaji midogo wanaweza kuungana wawili au watatu ili kufikisha kiwango hicho, mradi wakubaliane kwa maandishi jinsi ya kugawana saizi na hasara.

Mahali pengine pa kukutana na viwanda ni Canton Fair, maonyesho yanayofanyika Guangzhou tangu mwaka 1957. Hufanyika mara mbili kwa mwaka, majira ya Aprili na Oktoba, na nguo huwa katika awamu ya tatu. Anayekwenda awamu ya kwanza atakuta vifaa vya umeme na mashine.

Kumtambua mwenye kiwanda

Kila kampuni halali ya China ina leseni ya biashara yenye namba ya utambulisho ya tarakimu na herufi 18. Leseni hiyo inaonyesha jina la kampuni kwa Kichina na aina ya shughuli zake. Ikiwa shughuli zilizoandikwa ni mauzo peke yake bila uzalishaji, huyo ni kampuni ya biashara. Mnunuzi aombe nakala ya leseni, kisha amtumie mtu anayesoma Kichina akague namba hiyo kwenye mfumo wa serikali wa taarifa za makampuni, ambao uko wazi kwa umma.

Kampuni ya biashara si lazima iwe ya kitapeli. Nyingine zinasaidia, kwa mfano kukusanya oda ndogo kutoka viwanda vitatu na kuzisafirisha pamoja. Lakini mnunuzi ajue anazungumza na nani, kwa kuwa faida ya mtu huyo imo ndani ya bei anayopewa.

Jambo la kuangaliwa kuliko yote ni akaunti ya benki. Jina la akaunti lifanane na jina la kampuni lililo kwenye leseni na kwenye ankara ya awali. Ankara ikiwa ya kampuni na akaunti ikawa ya mtu binafsi, mnunuzi akipeleka malalamiko hatakuwa na ushahidi kwamba kampuni ililipwa.

Sampuli na maelezo ya maandishi

Ugomvi mwingi wa nguo unatokana na neno "kama ile". Mnunuzi anadhani amekubaliana na muuzaji, lakini kila mmoja ana nguo yake kichwani.

Kwanza, saizi. Nguo zinazoshonwa kwa soko la ndani la China huwa ndogo kuliko zinazovaliwa Afrika Mashariki. XL ya huko inaweza kumtosha mtu wa saizi ya kati wa hapa. Saizi ziandikwe kwa sentimita: kifua, urefu, bega, mkono na kiuno.

Pili, uzito wa kitambaa. Hupimwa kwa gramu kwa mita ya mraba. Fulana ya gramu 180 na ya gramu 140 zikipigwa picha zinafanana, lakini ya pili hutumia malighafi kidogo, na ndiyo njia rahisi ya kiwanda kushusha bei pale mnunuzi anapobana sana. Kupima ni rahisi: kipande cha sentimita 10 kwa 10 kilichokatwa kwenye kitambaa cha gramu 180 kinatakiwa kuwa na uzito wa gramu 1.8. Mizani ya sonara inatosha.

Tatu, mchanganyiko wa pamba na poliesta, aina ya zipu na vifungo, na maneno ya kwenye lebo. Sampuli ifuliwe mara tatu kuona kama inachuja rangi au inaruka. Ikikubaliwa, ziwekwe mbili zenye sahihi za pande zote: moja ibaki kiwandani, nyingine kwa mnunuzi.

Aidha, mnunuzi asiagize nguo zenye nembo za makampuni maarufu au za timu za mpira bila idhini ya wenye nembo. Kenya ina sheria ya kupambana na bidhaa bandia ya mwaka 2008, na Tanzania kazi hiyo inafanywa na Tume ya Ushindani. Mzigo wa namna hiyo ukikamatwa huweza kuteketezwa, na kama umo kwenye kontena la kuchangia, mizigo ya wengine nayo hukwama.

Malipo na ukaguzi

Utaratibu wa kawaida ni kulipa asilimia 30 ya oda kama malipo ya awali, na asilimia 70 iliyobaki mzigo ukiwa tayari. Asilimia 70 ndiyo nguvu pekee aliyonayo mnunuzi. Akiilipa kabla ya kukagua, hana tena cha kumbana muuzaji.

Ukaguzi hufanyika kiwandani nguo zikiwa zimekwisha kushonwa na nyingi zimefungwa kwenye katoni. Si lazima kukagua zote. Kwa kanuni za kimataifa za ukaguzi wa sampuli, shehena ya vipande 3,000 hukaguliwa vipande 125 vilivyochaguliwa bila mpangilio. Kwa kiwango kinachotumika sana katika nguo, kasoro kubwa zikiwa saba au pungufu mzigo unakubaliwa. Zikifika nane unakataliwa na kiwanda hutakiwa kurekebisha. Yapo makampuni ya ukaguzi yanayofanya kazi hiyo kwa malipo ya siku. Masharti hayo yaandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo.

Utapeli mwingine hupitia barua pepe. Wezi huingia kwenye mawasiliano, kisha siku chache kabla ya malipo hutuma ujumbe kwamba akaunti ya benki imebadilika. Mnunuzi apige simu kwa namba anayoijua tangu mwanzo na kuthibitisha kwa sauti kabla ya kutuma chochote.

Hesabu hadi dukani

Bei ya FOB ni bei ya mzigo uliokwisha kupakiwa melini China. Bei ya EXW ni ya mzigo ukiwa bado kiwandani, na gharama zote kuanzia hapo ni za mnunuzi. Mtu akilinganisha bei mbili bila kujua ni za aina gani, atachagua iliyo ghali akidhani ni rahisi.

Forodha za Jumuiya ya Afrika Mashariki hutoza ushuru kwa thamani ya CIF, yaani bei ya mzigo pamoja na nauli ya meli na bima. Julai 2022 Jumuiya iliongeza ngazi ya nne ya ushuru wa pamoja, asilimia 35, na nguo zilizoshonwa zimo humo. Baadhi ya nchi huruhusiwa kutumia kiwango tofauti kwa mwaka mmoja wa fedha, na viwango hivyo hutangazwa kwenye Gazeti la Jumuiya. Ni vizuri kumuuliza wakala wa forodha kabla ya kuagiza, hasa mzigo utakaofika baada ya Julai mosi.

Tuchukue mfano wa fulana 3,000 za kola kwa dola 3 kila moja, ambazo ni dola 9,000. Tukadirie nauli na bima kuwa dola 1,000, CIF inakuwa dola 10,000. Ushuru wa asilimia 35 ni dola 3,500. VAT ya asilimia 18, kiwango cha Tanzania na Uganda, hutozwa kwa jumla ya hizo mbili, nayo ni dola 2,430. Tukiweka dola 1,200 kwa wakala, bandari, tozo ndogo na lori, jumla ni dola 17,130. Kila fulana imegharimu dola 5.71. Fulana 150 zikiwa mbovu, zilizobaki zinagharimu dola 6.01 kila moja.

Mfanyabiashara aliyesajiliwa VAT hurejesha kodi hiyo katika mauzo yake, asiyesajiliwa haipati. Na ikiwa mwagizaji mkubwa wa mjini anauza fulana hiyo hiyo kwa dola 5.90, safari ya kiwandani haikuwa na maana.

Baadhi ya wauzaji hujitolea kuandika ankara ya bei ndogo ili ushuru upungue. Forodha inayo mamlaka ya kuikataa thamani hiyo na kukadiria upya, pamoja na adhabu. Vilevile mzigo ukizama au kuibwa, bima itafuata thamani iliyoandikwa.

Nyaraka na barabara

Mzigo husafiri na ankara ya biashara, orodha ya vifungashio na hati ya shehena, maarufu kama B/L. Idadi ya katoni, uzito na maelezo ya bidhaa vifanane katika zote tatu. Kenya tangu 2005 na Tanzania tangu 2012 zina utaratibu wa kuthibitisha ubora kabla bidhaa hazijapakiwa, na bidhaa inayohusika ikifika bila cheti hugharimu muda na pesa zaidi bandarini. Kwa mzigo wa Kongo, hati ya FERI ishughulikiwe upande wa kupakia.

Katika kontena la kuchangia, nauli huhesabiwa kwa mita za ujazo. Katoni ya sentimita 60 kwa 40 kwa 40 ni mita za ujazo 0.096, hivyo katoni kumi ni karibu mita moja. Kila katoni iwe na alama ya mwenye mali.

Mzigo wa nchi jirani una mambo yake. Chini ya Himaya Moja ya Forodha iliyoanza 2014, mwenye mzigo wa Uganda au Rwanda hulipa kodi katika nchi yake kabla mzigo haujatoka Mombasa au Dar es Salaam. Msafirishaji ahakikishe malipo yamekamilika kabla ya kupeleka lori bandarini, na akubaliane mapema nani atalipia siku za kusubiri na za kuchelewesha kontena tupu. Pia nguo ya China haigeuki kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki kwa sababu imenunuliwa Kariakoo. Ikivuka Tunduma kwenda Zambia, haipati msamaha wa bidhaa zenye asili ya kanda hii.

Muda

Kushona oda huchukua wiki kadhaa, na safari ya meli hadi Dar es Salaam au Mombasa kwa kawaida ni mwezi mmoja au zaidi. Mwaka mpya wa Kichina, ambao huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari, viwanda hufungwa na wafanyakazi hurudi makwao. Oda iliyocheleweshwa hadi hapo hufika mwezi wa nne au wa tano. Nguo za Krismasi ziagizwe si baada ya Agosti, na za Idd zihesabiwe kurudi nyuma miezi minne, kwa kuwa sikukuu hiyo husogea kila mwaka na mzigo unaofika wiki moja baada yake huuzwa kwa hasara.