Bwaki na Moyo wa Mtu Mzima

Huko Walungu, katika milima iliyo kusini-magharibi mwa Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wazazi wanaijua vyema bwaki, yaani utapiamlo mkali unaomvimbisha mtoto miguu na uso na kuzifanya nywele zake kuwa nyepesi na nyekundu, hasa anapoachishwa ziwa na kulishwa ugali wa muhogo, wenye wanga mwingi na protini kidogo mno. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba mtoto akishapona, moyo na mishipa yake huweza kubaki na alama za njaa hiyo hadi utu uzima.

Ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, hutanuka kwa kila pigo na kurudia umbo lake kwa nguvu ya elastini, protini inayovutika kama mpira, ambayo mwili huitengeneza zaidi tumboni mwa mama na katika miaka ya mwanzo ya maisha, hivyo njaa ya umri huo huweza kuipunguza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu watu wazima wa Jamaica waliougua utapiamlo mkali utotoni uliwakuta na njia nyembamba ya kutolea damu katika ventrikali ya kushoto, chumba kinachosukuma damu mwilini, na mishipa yenye ukinzani mkubwa zaidi. Moyo unaoshindana na ukinzani wa namna hiyo kwa miaka mingi huweza kunenepa kuta, huku shinikizo la damu likichakaza utando wa ndani wa ateri na kuruhusu mafuta kujikusanya humo bila maumivu yoyote.

Kaskazini mwa Bukavu, katika hospitali ya watoto ya Lwiro, watafiti waliwafuatilia watu waliotibiwa utapiamlo mkali kati ya 1988 na 2007, wakakuta kwamba, wakilinganishwa na wenzao wa jamii ileile, walikuwa wafupi zaidi, wenye viuno vipana na kipimo cha juu zaidi cha sukari ya muda mrefu katika damu, ingawa shinikizo la damu halikutofautiana katika umri wao wa ujana.

Tofauti hiyo ya sukari, ikigunduliwa kabla shinikizo halijapanda, inatoa nafasi ya kinga: kila aliyewahi kuugua bwaki anastahili kupimwa shinikizo na sukari mara kwa mara katika kituo cha afya, na maharagwe, samaki au maziwa anayopewa mjamzito na mtoto leo yahesabiwe kuwa sehemu ya tiba ya moyo.