Hatia, Majonzi na Msamaha katika Utendaji wa Jadi: Mifano kutoka Mbulu na Hanang

Makala haya yanafafanua namna hatia, majonzi na msamaha vinavyotendwa mbele ya jamii. Katika tamthilia iliyoandikwa, kama Hatia ya Penina Muhando (1972), hadhira hutazama. Katika sanaa za jadi za Mbulu na Hanang, hadhira ni mtendaji.

Kimapokeo, Wairaqw wa Mbulu waliwatenga wafiwa kwa muda maalumu, desturi iitwayo metimani. Msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa alitengwa vivyo hivyo. Aliyeonewa huruma na aliyelaumiwa walipita njia moja, kwa kuwa vyote viwili vilihesabiwa kuwa unajisi unaoweza kuwafikia wengine. Kinyume cha utengano huo ni slufay, ushairi wa dua: mzee huongoza kwa kuomba amani na baraka, nao waliohudhuria huitikia. Bila kiitikio, dua haikamiliki.

Kwa Wabarabaig wa Hanang, jukwaa la majonzi ni kaburi lenyewe. Mzee mwenye heshima hufanyiwa bung'eda, maziko ya miezi kadhaa ambamo kichuguu cha kaburi hujengwa hatua kwa hatua. Mashamba ya ngano ya serikali yalipopanuliwa katika miaka ya 1970 na 1980, Wabarabaig walilalamika kwamba makaburi yao yalilimwa.

Hoja ya makala ni kwamba uharibifu huo haukugusa ardhi pekee. Uliondoa mahali ambapo msamaha ungeweza kuombwa na kuitikiwa.