Unga wa Maganda ya Machungwa
Mwaka 1825 Mfaransa Henri Braconnot aliupa jina la pektini ule ute wa matunda unaogandisha jemu. Leo pektini ya maganda ya machungwa na malimau huvunjwavunjwa vipande vidogo mno na kuuzwa makoponi kuwa ni dawa ya saratani. Hapo, ndugu, tusimame kidogo. Maabarani imeonekana kushikamana na galektini-3, protini inayosaidia saratani kuenea. Lakini majaribio kwa wagonjwa ni machache na madogo, wala hayakuthibitisha kuwa inaponya. Pektini ya kawaida, gramu 6 kwa siku, husaidia lehemu isizidi katika damu. Basi mfanyakazi mwenye uvimbe asiiache hospitali akamaliza mshahara kwa makopo. Na anayemeza dawa nyingine amwulize kwanza daktari, kwani unga huu waweza kuzuia dawa isiingie mwilini.