JE, WAJUA? Mtama unaochachusha kasiksi

• Sokoni Nyawera, Bukavu, unga wa mtama si wa uji tu. Mtama ukikaangwa, ukasagwa na kutiwa kwenye maji ya ndizi mbivu, ndio unaochachusha kasiksi, pombe ya ndizi ya eneo la Bushi.

• Rangi ya punje yaweza kuwa dalili ya kinga. Mtama wa kahawia mara nyingi una tanini, kemikali yenye ukakasi unaowachukiza ndege. Kwa mfano, Serena, mbegu iliyozalishwa na mtafiti Hugh Doggett huko Serere, Uganda, ni ya kahawia.

• Mvua ikikatika, mtama hukunja majani yake yenye nta na kusimamisha ukuaji. Mvua ikirudi, huendelea pale ulipoishia. Mahindi mara nyingi huwa yamekwisha kukauka.

• Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Baridi ya milimani huchelewesha mtama kukomaa, kwa hiyo mbegu iliyostawi kwenye joto la bonde la Ruzizi yaweza kushindwa kwenye milima ya Kabare, karibu na Bukavu. Mbegu lazima ijaribiwe palepale itakapolimwa.

• Kiduha, gugu linalofyonza mtama, mbegu yake huota tu inapohisi kemikali inayotoka kwenye mizizi ya mmea jirani. Mtafiti Gebisa Ejeta wa Ethiopia alizalisha mtama unaolihimili, akapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009. Mkulima naye ang'oe kiduha kabla hakijatoa maua: mmea mmoja humwaga maelfu ya mbegu, nazo hudumu udongoni miaka mingi.