Jioni moja Dubai: taa za muji na mashimo ya kwetu

Ndugu musomaji, mama na baba, na wewe kijana wa karieri: jina la Dubai unalijua tangu zamani. Ukiuliza sokoni Goma ao Walikale kama simu hii ao nguo hii imetoka wapi, mara nyingi utajibiwa: «Hiyo ni ya Dubai.» Lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba njia ya Dubai ina pande mbili. Vitu vya huko vinakuja kwetu, na vitu vya kwetu vinaenda huko. Ndiyo maana tunataka kukutembeza muji ule jioni moja, sawa vile wageni wanavyotembezwa. Tutasimama pahali kiongozi anaposimamisha gari, na tutasimama vilevile pahali asiposimama.

JUU YA NINI JIONI?

Dubai iko kando ya bahari katika Falme za Kiarabu, na nyuma yake ni jangwa. Mwezi wa 7 na wa 8 joto la muchana linapita digri 40. Ni joto kali hata serikali imeweka sheria: kila mwaka, tangu tarehe 15 mwezi wa 6 mpaka tarehe 15 mwezi wa 9, hakuna ruhusa ya kufanyisha watu kazi chini ya jua kutoka saa sita na nusu mpaka saa tisa. Basi wageni wanatembezwa wakati jua linashuka. Kiongozi anawaingiza katika bisi ndogo yenye mashine ya baridi, Muhindi karibu na Muzungu, Muchina karibu na Mwafrika, na anashika kipaza sauti.

MUKONO WA BAHARI

Bisi inasimama kwanza penye maji yanayoitwa Khor. Ni mukono wa bahari ulioingia katikati ya muji. Upande mumoja ni Bur Dubai, upande wa pili ni Deira. Watu wanavuka kwa mashua ndogo ya mbao inayoitwa abra, na kwa miaka mingi nauli imekuwa dirhamu 1, maana yake chini ya senti 30 za dolari. Mutajiri na mupagasi wanaketi pamoja, magoti kwa magoti. Jua linazama, taa zinawaka mbili tatu, kisha elfu, na maji yanakuwa sawa kioo.

Karibu na hapo kuna nyumba za zamani za mawe ya bahari. Juu yake kuna minara ya kukamata upepo na kuushusha chumbani. Ukiingia, tazama juu. Zile boriti za dari, mara nyingi zilitoka kwetu Afrika ya mashariki, katika mikoko ya Lamu na ya Rufiji. Majahazi yalizibeba wakati wa kurudi na upepo. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Basi, ndugu yangu, hata mbele ya petroli, muti wa Afrika ulibeba paa ya watu wa Ghuba.

LULU NA DENI

Hapa kiongozi atakuambia juu ya lulu. Mbele ya petroli, watu wa pwani ile waliishi kwa lulu. Kila mwaka, wakati wa joto, mashua zilitoka kwa miezi karibu mine. Muzamiaji alifunga pua kwa kibano, akakanyaga jiwe zito lenye kamba, akashuka chini kuokota chaza. Mwenzake alibaki juu kushika kamba na kumuvuta. Kamba ikikawia, mutu amekufa.

Mchimbaji wa Rubaya ao wa Bisie, wewe unajua maneno haya. Wewe unashuka katika udongo, yeye alishuka katika maji. Lakini sikiliza namna walivyolipwa. Mbele ya safari nahodha alimupa muzamiaji feza kidogo za kuachia jamaa yake chakula. Safari ikiisha, walihesabu. Sehemu yake isipofika, deni lilibaki kwa mwaka mwingine, na mara nyingi baba akifa mutoto alirisi deni. Wengine kati yao walikuwa watumwa waliotolewa Afrika ya mashariki. Wao wenyewe walihesabiwa kuwa mali.

Je, kwetu haiko vile? Mwenye shimo anapokea unga, masururu na torshi kwa negosia. Kisha analazimishwa kumuuzia yeye tu, kwa bei ya yule. Anatoa mawe, lakini hatoki katika deni.

Halafu bei ilianguka. Wajapani walijua kufuga chaza na kutengeneza lulu, na nyuma ya mwaka 1929 shida ya feza ikashika dunia nzima. Katika miaka ya 1930 Dubai ilikaa na njaa. Wazee wa Masisi hawatashangaa. Mwisho wa mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda sawa moto wa majani makavu; watu wakaacha mashamba, vijana wakaacha masomo. Mwaka 2001 bei ikaanguka, na shamba lilikuwa limekwisha kuota magugu.

WALIFANYA NINI NYUMA YA HASARA?

Huu ndio mulango ambao ninataka uingie, musomaji. Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum alishika utawala mwaka 1958. Petroli ilikuwa haijaonekana. Ule mukono wa bahari ulikuwa umejaa muchanga, mashua kubwa hazikuweza kuingia. Alikopa feza, nyingine kwa Kuwait, akachimbisha muchanga kusudi maji yawe na kina. Meli zikaingia, biashara ikaamuka. Petroli ikaonekana mwaka 1966, na feza zake zikajenga bandari: Port Rashid mwaka 1972, kisha Jebel Ali mwaka 1979. Leo petroli ni sehemu ndogo tu ya pato la Dubai. Walitumia kile kinachokwisha ili kujenga kile kinachobaki.

Lakini tusiwageuze malaika. Nao walipenda mikopo kupita kiasi. Mwisho wa mwaka 2009 makampuni ya Dubai yalishindwa kulipa, na Abu Dhabi, jirani yao tajiri, ikawapa dolari miliari 10. Walikuwa wakimaliza munara murefu kupita yote duniani, na jina lake lilikuwa Burj Dubai. Siku ya kuufungua, tarehe 4 mwezi wa 1 mwaka 2010, jina likageuka kuwa Burj Khalifa, jina la Sheikh Khalifa, aliyekuwa wakati ule mukubwa wa Abu Dhabi na raisi wa inchi yote. Mezali ya Sulemani inasema kweli juu ya mutu anayekopa: anakuwa mutumishi wa yule anayemukopesha.

SOKO LA ZAHABU

Kule Deira bisi inasimama tena. Njia ina paa, na pande zote mbili ni maduka ya zahabu, moja nyuma ya lingine. Taa zinapiga juu ya mikufu mpaka macho yanauma. Huko kuna pete moja ya maonyesho yenye uzito wa kilo karibu 64. Hakuna kidole cha mutu kinachoweza kuivaa.

Muulize kiongozi: «Zahabu hii imetoka wapi?» Atacheka na kusema: «Dunia nzima.» Na ni kweli. Lakini wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameandika kwa miaka mingi kwamba zahabu ya mashariki ya Kongo inapita mipaka kwa magendo, inaingia katika inchi jirani, na nyingi inafika Dubai. Huko inayeyushwa na kuchanganywa. Zahabu ikishayeyuka, haina tena kijiji wala mama. Hakuna mutu anayeweza kusema: gramu hii ilitoka Walikale, kijana fulani aliitafuta ndani ya maji ya mutoni.

Bati na koltani zina njia nyingine. Zinaenda zaidi katika viwanda vya Asia. Bati inaunganisha nyaya ndani ya simu. Koltani inatoa tantalumu, ambayo inasaidia simu kushika nguvu ya umeme katika kitu kidogo sana. Kumbuka neno hili tunapofika pahali pafuatapo.

MUNARA NA MAJI YANAYOCHEZA

Burj Khalifa ina mita 828. Chini yake kuna ziwa lililochimbwa na watu, na usiku maji yanarushwa juu kwa kufuata muziki. Wageni wanapiga kelele ya furaha, na wote kwa mara moja wanainua simu zao kupiga picha. Mikono mamia, simu mamia. Ndani ya simu hizo labda kuna vumbi la Rubaya na la Bisie. Vilima vyetu viko pale, vimeinuliwa katika mikono ya watu wasiojua majina yao.

Tusione wivu juu ya urefu. Nyiragongo inapita ziwa Kivu kwa mita karibu 2.000, ni zaidi ya minara miwili ya Burj Khalifa, moja juu ya mwingine, na ni Mungu aliyeujenga. Tunachokosa si urefu. Tunachokosa ni taa moja ndani ya nyumba ya yule aliyechimba.

PAHALI BISI HAISIMAMI

Wakati wa kurudi, utazame kwa dirisha. Utaona bisi zingine zikipita, zimejaa wanaume wenye nguo za kazi, vichwa vimelala juu ya vioo. Ndio wajenzi. Katika Falme za Kiarabu, kati ya watu 10 karibu 9 ni wageni: Wahindi, Wapakistani, Wabangladeshi, Wafilipino, na Waafrika vilevile. Wengi walikopa feza kwao ili kumulipa mutu aliyewatafutia kazi, na miezi ya kwanza wanafanya kazi ya kulipa deni lile tu. Unaona, ndugu? Muzamiaji wa lulu hakuondoka. Amevaa kofia ya chuma.

Hata hivi Mungu ana watu wake pale. Makanisa yako Oud Metha na Jebel Ali, juu ya kiwanja kilichotolewa na wakubwa wa muji. Watu wa luga nyingi wanapokezana katika jengo moja.

Kwa vijana wetu wanaoahidiwa kazi huko, tunasema waziwazi:

Usiondoke pasipo mapatano yaliyoandikwa, na mutu unayemwamini ayasome kwanza. Uachie jamaa na kanisa nakala ya pasipoti. Sheria ya kule inakataza bwana wa kazi kushika pasipoti ya mutumishi. Basi akiiomba aiweke, ujue ni kosa lake. Na wewe musichana, usiuze shamba la mama yako kwa ahadi ya mutu ambaye hujui nyumba yake.

NEHEMIA NAYE ALITEMBEA USIKU

Katika kitabu cha Nehemia, sura ya 2, tunasoma juu ya mutu aliyetembea muji wa Yerusalema usiku, na watu wachache na munyama mumoja tu. Hakwenda kutazama taa. Alikwenda kutazama pahali ukuta ulipobomoka na milango ilipoteketea. Nyuma ya kuona ndipo aliwaita watu, na kila jamaa ikajenga, wengine mbele ya nyumba yao wenyewe.

Na Ezekieli, sura ya 27, anahesabu biashara ya Tiro, muji tajiri wa bahari: feza, chuma, bati, zahabu, na hata watu. Ndiyo, bati iko katika hesabu ile. Mungu alijua bati inatoka wapi na nani anaiuza. Muji ule ulizama sawa meli iliyobeba mizigo mingi, kwa maana moyo wake ulijivuna.

Sasa uzunguke nyumba yako mwenyewe usiku huu, sawa Nehemia. Tunajua vita imefukuza wengi. Mwaka 2025 ilifika Goma, ikafika hata Walikale, na kuna wanaosoma ukurasa huu wakiwa si kwao. Barabara na bandari si kazi ya jamaa moja, na wakubwa watajibu mbele ya Mungu juu ya barabara ya Masisi na ya Walikale. Lakini kila nyumba ina mukono wake wa bahari uliojaa muchanga, nao unaweza kuchimbwa na mutu maskini.

Andika katika daftari kila kilo unayouza, bei yake, na deni unalochukua. Bibi yako aone daftari hilo. Bei ikipanda, usipandishe pombe. Nunua mbuzi, lipa masomo, tengeneza shamba, kwa maana mawe yatakwisha na bei itaanguka. Ingieni katika likelemba ao katika kikundi cha akiba, kile cha sanduku lenye kufuli tatu, na funguo kwa watu watatu. Mutu mwenye akiba kidogo anaweza kumuambia negosia: «Hapana, leo siuzi kwa bei hiyo.» Neno hilo moja muzamiaji wa lulu hakuweza kulisema maisha yake yote.

MASWALI YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, ni deni gani linaweza kubaki kwa watoto?

2. Wakati bei ilikuwa nzuri mara ya mwisho, tulipata nini ambacho kingali nasi leo?

3. Someni Nehemia 2:11-18. Kila mumoja aseme ni pahali gani pa ukuta mbele ya mulango wetu tutaanza kupajenga mwezi huu.