Nini kinawatia shaka wapenzi wa Simba

Kwa misimu minne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21, ubingwa wa Ligi Kuu Tanzania Bara ulikuwa mali ya Wekundu wa Msimbazi. Misimu minne iliyofuata ukahamia kwa watani wao wa Jangwani, na mpenzi wa Simba akaanza kuutazama uongozi kwa jicho la mashaka.

Lawama ya kwanza huelekezwa kwenye benchi la ufundi. Novemba 2023 Robertinho alitimuliwa siku mbili tu baada ya kipigo cha mabao 5-1 kutoka kwa Yanga. Abdelhak Benchikha aliyemrithi hakumaliza msimu. Julai 2024 akaja Fadlu Davids, akaifikisha timu fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2025, ikafungwa na RS Berkane kwa jumla ya mabao 3-1. Septemba mwaka huo naye akaenda zake Raja Casablanca. Kila kocha huja na mfumo wake, nao wachezaji hujifunza upya. Si ajabu timu ing'are leo na kesho isuesue.

Lakini kiini kiko juu zaidi. Mageuzi ya mwaka 2017 yalikusudia mwekezaji, Mohamed Dewji, apate asilimia 49 kwa shilingi bilioni 20, na wanachama wabaki na 51 kama kanuni za serikali zitakavyo. Hivyo timu inapofungwa, mwanachama hajui amhoji nani: mwenyekiti aliyemchagua, au mwenye fedha asiyepigiwa kura. Wa kwanza huweza kuondolewa kwa kura. Wa pili hawezi, ingawa neno lake ndilo hungojwa kila dirisha la usajili lifunguliwapo.